Njano Iliyotulia

Kabla hajatuhumiwa mtu yeyote, zilituhumiwa kuta.

Koti lilirudishwa likiwa limekunjwa vizuri, na mteja, mhasibu mwenye upole wa kuudhi, akalitandaza juu ya meza ya kukatia. Lilikuwa koti la suti, la bluu iliyokolea, lililoshonwa kwa ustadi ambao hata adui angeukiri, isipokuwa kwamba mkono wake wa kushoto ulikuwa mweusi. Mwanamke aliyelikata, ambaye mtaa mzima ulimwita Mkasi, alilipindua, akalikagua mshono kwa mshono, akatangaza kwamba halina kasoro. Mteja akatoka nalo hadi barazani, kwenye jua, akaliinua juu kama bendera. Muuza magazeti aliyekuwa akipita akauliza kama koti hilo ni la mtu mmoja au la wawili.

"Basi ni chumba," Mkasi akasema. "Kuta hizi zimekula mwanga miaka yote. Humu ndani hata maziwa yanaonekana chai."

Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi, na huo ndio ubaya wa hoja nyingi. Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa karakana ya ushonaji tangu enzi za marehemu baba yake Mkasi, na kuta zake, zilizowahi kuwa nyeupe, zilikuwa zimefikia rangi isiyo na jina, mahali fulani kati ya moshi na ukungu wa mkate. Hata hivyo chumba hicho hicho, katika uchafu huo huo, kilikuwa kimetoa makoti yenye mikono ya rangi moja kwa umri wa mtu mzima. Wala koti la mhasibu halikuwa la kwanza kurudi. Kabla yake ilirudi sketi ya kijani iliyofungwa zipu ya kijivu, na kabla ya sketi kulikuwa na gauni la rangi mbili ambalo mwenyewe alilivaa kimya kimya, kwa heshima ya umri wa fundi.

Ndiyo maana kila mtu nyumbani alijua kinachopimwa. Mkataji asiyejua rangi ni sawa na mpishi asiyejua chumvi. Ikiwa kosa ni la kuta, Mkasi angebaki kwenye meza aliyorithi kwa baba yake. Ikiwa si la kuta, ilibaki sababu moja tu, na hakuna aliyekuwa tayari kuitamka, Mkasi mwenyewe akiwa wa kwanza. Alikataa katakata koti lifumuliwe, kwa kuwa kufumua ni kukiri. Likatundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, na fundi rangi akaitwa.

Nyumba ilikuwa ya watu watatu. Mkasi hukata. Wifi yake, mke wa mdogo wake, hushona, naye aliitwa Pindo, kwa kuwa mapindo yake hayakuonekana upande wa nje, na kwa kuwa, kama pindo, alijua kuweka mambo ndani. Wa tatu alikuwa huyo mdogo wake Mkasi, mume wa Pindo, aliyeitwa Jaji. Hakuwa jaji. Alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu, na katika utumishi wake wote hakuwahi kumhukumu mtu hata mara moja. Alizinakili tu hukumu za wengine, kazi iliyompa mwandiko mzuri na imani ndogo. Jina alipewa na mkewe, siku alipoulizwa achague kati ya samaki na nyama akaomba muda wa kutafakari.

Fundi rangi alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya karatasi na maoni juu ya kila kitu. Bluu, alisema, huleta usingizi. Njano huleta njaa. Kijani alikuwa amekiacha kabisa baada ya kupaka chumba cha wanandoa waliotengana kabla rangi haijakauka. Hakuna lolote kati ya hayo aliloweza kulithibitisha, na wala hakuombwa kufanya hivyo. Kwa kuwa mawifi hawakuelewana, aliupiga msasa ukuta wa nyuma, akaugawa katikati kwa utepe, akapaka kushoto bluu ya Pindo na kulia njano ya Mkasi.

"Kaeni nazo kwanza," akasema. "Rangi ni kama mchumba. Mchana anapendeza, jioni ndiyo unamjua."

Bluu ilikuwa nyepesi, ya anga la asubuhi kabla joto halijalichosha. Njano ilikuwa njano ya kiini cha yai, njano inayokufuata hata ukifumba macho. Mkasi aliisogelea, akaweka kiganja karibu nayo kama mtu anayepima joto la pasi.

"Hii imetulia," akasema. "Imepoa. Kama maziwa."

Pindo alicheka hadi akashika kiuno. "Imetulia, wifi? Hiyo inapiga kelele mpaka jirani anafunga dirisha."

"Na hiyo yako je? Majivu ya juzi. Unataka wateja wadhani tunauza mkaa?"

"Majivu! Hili ni anga, wifi yangu."

"Anga la kwenu huko labda. Ndiyo maana ulikimbilia kuolewa."

"Nilikimbilia kuolewa kwa sababu kaka wa mtu alilia."

"Mdogo wa mtu," Mkasi akasahihisha. "Na alilia kwa sababu ya kitunguu."

Jaji, aliyekuwa mlangoni na kikombe mkononi, hakukanusha kitunguu. Alikuwa na nadharia yake. Mahakamani aliwahi kunakili ushahidi wa majirani wawili walioapa juu ya mlango mmoja, huyu akiuita mwekundu, yule akiuita kahawia, na ikabainika kwamba kila mmoja alikuwa na kesi na mlango huo. Tangu siku hiyo aliamini kwamba watu hawaoni rangi, wanaona upande. Ukimpa mtu rangi ataulizia kwanza nani anaipenda, kisha ndipo macho yake yataamua. Kwa hiyo Mkasi aliona maziwa kwa kuwa wifi yake aliona yai. Angeona yai kama wifi yake angeona maziwa. Ilikuwa nadharia nzuri, iliyojengwa vizuri, na iliyokuwa na kasoro moja tu: ilimruhusu kutosikiliza.

Wakati huohuo nyumba ilikuwa haikaliki. Cherehani mbili zilikuwa zimehamishiwa chumba cha kulala cha wanandoa, nazo zilisimama miguuni pa kitanda kama wadai. Mwanasesere wa kuvishia nguo, asiye na kichwa wala mikono, aliwekwa kwenye ujia wa kwenda jikoni, na kila aliyepita alimwomba radhi kabla ya kukumbuka. Pasi ilikaa juu ya jokofu. Vifungo vilipatikana ndani ya kopo la sukari. Hapakuwa na kiti kisicho na bunda la vitambaa, kwa hiyo watu walisimama, na watu waliosimama mwishowe hutembea. Walitembea. Mkasi aliingia karakana kulipopambazuka, akautazama ukuta, akatoka. Aliingia tena adhuhuri jua lilipofika dirishani, akarudi nyuma hadi akagonga mlango, na koti lenye mikono miwili tofauti likamwangukia begani. Alilitundika tena pasipo kulitazama. Pindo naye aliingia kila Mkasi alipotoka. Jaji aliingia kila walipotoka wote wawili, wala hakujua anatafuta nini. Chai yake ilipoa, akaipasha, ikapoa tena.

Fundi rangi alirudi kuuliza kama wameamua. Akarudi tena. Mara ya pili alivua kofia ya karatasi, dalili kwamba subira yake ilikuwa na mipaka.

"Mama, kopo likikaa wazi linaota ngozi," alimwambia Mkasi. "Nipige mkono wa pili wa rangi ipi?"

"Muulize Jaji," Mkasi akasema. "Leo atahukumu. Amekula chakula cha serikali miaka yote hajatoa hukumu hata moja, leo atatoa."

"Mimi nilikuwa karani, dada."

"Karani amekaa karibu na hakimu muda wote huo, hakuambukizwa chochote?"

Jaji akasema kwamba hukumu huhitaji ushahidi, na kwamba aliokwisha kuusikia ulikuwa matusi yaliyopangwa kwa zamu. Hapo Mkasi akapata wazo, na lilikuwa wazo la haki kuliko yote yaliyotolewa katika nyumba ile tangu koti lirudi.

"Basi kiletwe kitambaa," akasema. "Kitambaa hakina wifi wala kaka. Tutakishika mbele ya kila rangi, tuone kinasema nini."

Pindo akakubali. Kulikuwa na kazi ya harusi iliyokuwa ikingoja, nayo haikuweza kungoja milele: satini nyeupe ya gauni la bibi harusi, na satini ya njano iliyofifia, ya rangi ya siagi, kwa ajili ya wadogo zake wawili. Mama wa bibi harusi alikuwa ameagiza vitambaa hivyo kutoka mbali, akavileta mwenyewe, akaonya kwamba vikiharibika havina ndugu. Pindo akavileta vyote viwili vikiwa vimekunjwa, akaviweka kwenye meza ya kukatia iliyokuwa imesukumwa hadi mbele ya ukuta. Mkasi akachukua kimoja, akakikunjua kwa mkupuo ule wa kifundi unaofanya kitambaa kipige kama bawa, akakishika mbele ya njano.

"Haya. Mnaona gauni la bibi harusi linavyokaa? Linapumua." Akasogea hatua hadi kwenye bluu. "Na hapa? Hapa limepata homa."

Kitambaa alichoshika kilikuwa cha wadogo zake bibi harusi.

Mbele ya njano kilikuwa karibu kimetoweka, kama siagi iliyosahauliwa juu ya yai. Fundi rangi alifungua kinywa. Pindo, bila kumtazama, akamkanyaga mguu, naye akakifunga, pengine kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi. Mkasi hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa amekwisha kukitandaza kitambaa mezani, amekikunja maradufu, ameweka juu yake kiolezo cha gauni la bibi harusi na kukibana kwa pini. Chaki ilizunguka kiolezo bila kusita. Mkono wake ulikuwa mkono ule ule, mwepesi, usiojua kurudia mstari. Kisha akachukua mkasi mkubwa wa baba yake, akaufungua.

"Wifi, ngoja," Pindo akasema.

"Nini?"

"Vipimo. Mama yake alipita hapa ulipokuwa umejilaza. Anasema binti ameongezeka kiuno."

Hakuna mama yeyote aliyepita. Mkasi alibaki na mkasi wazi juu ya kitambaa.

"Wanaongezeka kabla hata ya kuolewa siku hizi," Mkasi akasema mwishowe, akaufunga. "Kampime upya. Mimi nakwenda kunywa maji."

Alipotoka, aliomba radhi kwa mwanasesere kwenye ujia. Walisikia wote.

Jaji aliitazama satini, kisha ukuta, kisha satini. Nadharia yake ilikufa bila vurugu, kama zinavyokufa nadharia nyingi, kwa kuwekwa karibu na kitu. Dada yake hakuwa amebishana hata mara moja. Alipoambiwa aseme anachokiona, alisema. Aliposema maziwa, aliona maziwa. Aliposema majivu, mbele yake palikuwa na majivu. Watu wawili wenye macho mazima walikuwa wamemcheka kwa kutoa ushahidi wa kweli, na yule mmoja kati yao aliyejidai kuchunguza alikuwa ameupuuza ushahidi huo kwa sababu aliuona ni werevu.

"Mimi nilidhani ananichokoza," Pindo alisema jikoni, kwa sauti ya chini, huku akifuta meza ambayo haikuwa chafu. "Majivu, majivu. Nikasema huyu wifi ananitafuta. Kumbe." Akakikamua kitambaa, akaendelea kufuta. "Mwambie wewe. Ni damu yako."

"Nimwambie nini? Kwamba haoni?"

"Anaona. Sindano anatia uzi haraka kuliko mimi. Ni rangi tu."

"Kwa mkataji hakuna 'rangi tu'."

"Ndiyo maana umwambie wewe."

"Wewe ndiye uliyemzuia."

"Nimemzuia kwa kiuno cha mtoto wa watu! Unataka nimzuie kwa nini tena kesho, kwa mguu?" Alikitupa kitambaa kwenye beseni. "Ukimwambia vibaya, ataondoka pale mezani leo hii hii, na hatarudi. Unamjua. Usipomwambia, atakata. Haya, Jaji."

Jaji alizunguka meza ya jikoni mara kadhaa zisizo na faida. Alipotoka alimkuta dada yake karakana, peke yake, akiwa ameketi juu ya kopo la rangi lililofunikwa. Alikuwa ameielekea ile njano. Fundi rangi alikuwa barazani akisafisha brashi na kumweleza muuza magazeti madhara ya zambarau.

"Umeamua?" Mkasi akauliza.

"Bado."

"Amua vizuri, mdogo wangu." Hakugeuka. "Mimi sina ugomvi na wifi. Akitaka bluu aniambie, nitavumilia majivu. Lakini chumba kikishakuwa cheupe na safi, mwanga umejaa, halafu bado koti likarudi..." Akasita. Kidole chake kilikuwa kinasugua ukingo wa kopo, kinarudi, kinasugua tena. "Ndiyo itakuwa basi. Hapatakuwa na kuta za kusingizia. Nitoke hapa mezani niende wapi? Nikapige pasi? Nibandike vifungo kama mwanafunzi?"

Katika maisha yake ya kazi Jaji alikuwa amewatazama mahakimu wengi wakikabiliwa na jambo wasilotaka kulitamka, na alikuwa amejifunza kwamba sheria, kwa huruma yake isiyokusudiwa, imewapa neno moja la kuwaokoa wote.

"Kesi inaahirishwa," akasema.

"Nilijua!"

"Mimi mwenyewe, dada, siyaamini macho yangu. Njano hii naiona inapiga kelele, wewe unasema imetulia. Mmoja wetu anaona vibaya. Mtu hawezi kuhukumu rangi kwa macho yenye mashaka. Nitakwenda nipimwe kwanza. Nisindikize."

Mkasi aligeuka, akamtazama. Alimtazama kwa muda mrefu, kwa macho yale yanayoona uzi na yasiyoona bluu, na haikuwezekana kujua ni kiasi gani alichokielewa. "Huwezi kwenda peke yako?"

"Naogopa."

"Mtu mzima mzima."

"Ndiyo hivyo."

Fundi rangi alipoambiwa kwamba uamuzi umeahirishwa kwa sababu za kitabibu, alisema kwamba katika kazi yake amesikia sababu nyingi lakini hiyo ndiyo ya kwanza yenye heshima. Akafunika makopo kwa plastiki, akaenda zake.

Kwenye zahanati ya macho walikaa kwenye benchi lisilo na mgongo pamoja na watu wengine waliokuwa wakitazama mbele bila kutazama chochote. Mkasi hakutulia. Alihesabu kwa sauti mishono iliyokwenda upande kwenye sare ya mwuguzi, akamrekebisha jirani yake kola, akainuka, akaketi. Ilipofika zamu yao, Jaji alisoma herufi zote ukutani hadi mstari wa mwisho, na daktari, mwanamke kijana mwenye mikono ya baridi, akamwambia kwamba kwa umri wake macho hayo ni anasa.

"Basi mtazame na dada yangu," Jaji akasema, "kwa kuwa ameshafika."

Mkasi akarudi hatua moja kuelekea mlangoni.

"Mimi nimesindikiza," Mkasi akasema.

"Kiti kiko wazi, mama," daktari akasema.

Mkasi alimgeukia mdogo wake. "Umenileta kwa hila."

"Nimekuleta kwa miguu."

Aliketi. Taa ndogo ikaingia jicho la kulia, ikakaa. Ikaingia la kushoto, ikakaa zaidi. Daktari akavuta kiti chake nyuma, akaeleza kwa maneno ya kawaida kwamba macho yote mawili yana mtoto wa jicho, wa aina inayokuja polepole, inayogeuza kioo cha ndani kikawa cha manjano kama gazeti lililoachwa dirishani. Kioo kama hicho hakiruhusu bluu ipite, na njano huonekana nyeupe, kwa kuwa kila kitu tayari ni njano. Mwenye macho hayo hajui, kwani kinakuja kidogo kidogo, na dunia haimtangazii kwamba imebadilika.

"Mtoto?" Mkasi akasema. "Umri huu? Na mume wangu alishafariki."

Daktari alicheka. Jaji hakucheka, kwa kuwa aliona mikono ya dada yake juu ya mapaja, ikikunja na kukunjua pindo la gauni.

"Anatolewa?" Mkasi akauliza.

"Anatolewa. Jicho moja kwanza, likipona tunafanya la pili."

"Na rangi?"

"Rangi ziko pale pale zilipo, mama. Ni wewe utakayezirudia."

Njiani kurudi walifika kona ya mtaa wao. Hapo Mkasi akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya, kile kitambaa alichokitandaza kilikuwa kipi. Jaji akamwambia. Mkasi akatembea hatua kadhaa. "Na kiuno cha binti?" akauliza. Jaji akamwambia na hilo. Mkasi akaguna, guno lisilotafsirika, na akaongeza mwendo hadi ikabidi Jaji akimbie.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko zilizotangulia, kwa kuwa sasa kila mtu alijua na hapakuwa na la kubishania. Pindo alifunika meza ya kukatia kwa shuka. Wateja walipomwomba akate yeye, kwani kukata aliweza, alisema mkataji yuko likizo, na waliposisitiza alisema basi waende kwa fundi asiyechoka. Mama wa bibi harusi alikuja kweli, akauliza kulikoni, akaambiwa satini nzuri hupumzishwa kabla ya kukatwa. Aliamini. Mkasi alifanyiwa upasuaji, akarudi na jicho la kulia limefunikwa, akaamriwa asiiname wala asinyanyue kitu, maagizo ambayo kwake yalikuwa kifungo. Alizunguka nyumba kwa vidole akigusa vitu. Karakana hakuingia. Alipita mlangoni pake uso ukitazama upande wa pili, kama anavyopita mtu mbele ya nyumba ya mshtaki wake.

Asubuhi baada ya kifuniko kuondolewa, alikunywa chai yake, akafunga kitambaa kichwani, akaingia. Jaji na Pindo walimfuata, wakabaki mlangoni wakijidai kutafuta pini.

Alisimama katikati ya chumba. Ukuta ulikuwa pale, nusu na nusu, kama ulivyoachwa. Alilifumba jicho la kushoto. Kisha akalifumbua, akalifumba la kulia. Kisha akarudia.

"Nani aliyeleta rangi hii?" akauliza.

"Ipi, wifi?"

"Hii inayopiga kelele."

"Ni yako. Ulisema imetulia."

"Mimi?"

"Kama maziwa."

Mkasi akaliziba jicho la kulia kwa kiganja. "Maziwa," akasema. Akahamishia kiganja la kushoto. "Yai." Akarudisha. "Maziwa." Akahamisha tena, polepole safari hii. "Mungu wangu. Yai."

Akageukia bluu. Hapo alikaa zaidi. Alisogea hadi pua yake ikakaribia kugusa ukuta, akarudi nyuma, akaziba jicho hili, akaziba lile, na katika ule ubadilishanaji wa mara kwa mara palikuwa na kitu cha mtoto anayechezea swichi ya taa, isipokuwa kwamba uso wake haukuwa wa mchezo.

"Hili ndilo uliloliita anga."

"Ndilo."

"Na mimi nikasema majivu. Mbele ya watu."

"Ulisema pia nilikimbilia kuolewa."

"Hilo ni kweli," Mkasi akasema. "Mbona hukunipiga, wifi?"

"Nilikaribia."

Jaji alikohoa mlangoni. Alisema kwamba, kwa kuwa pande zote sasa zina macho, au angalau jicho, yuko tayari kutoa hukumu.

"Kaa chini," mawifi wakamwambia kwa pamoja.

Hakukuwa na kiti. Akaegemea mwanasesere.

Mkasi hakuwa akiutazama ukuta tena. Alikuwa amegeukia mlango, na watu wawili wakasogea kumpisha kabla hawajafahamu anakwenda wapi. Alilitoa koti kwenye msumari. Alilipeleka dirishani, akalishika kwa mabega, akalitazama kwa jicho lake la zamani, na koti lilikuwa jeusi lote, au la bluu lote, kama alivyoapa. Kisha akalitazama kwa lile jipya. Hakulitazama kwa muda mrefu. Hapakuwa na haja.

Pindo akaondoa bunda la vitambaa juu ya kiti cha jikoni, akakileta mezani.

Mkasi akaiondoa shuka mezani, akaketi, akalilaza koti kwenye mapaja. Akachukua wembe. Aliutia kwenye mshono wa bega la kushoto, akakata uzi wa kwanza, wa pili, akivuta kwa kucha, akipuliza vipande vya nyuzi kutoka kwenye kitambaa. Kazi ilikwenda bila haraka, na mkono mweusi ukaanza kuachana na koti kama kitu ambacho hakikuwahi kuwa chake.

"Wifi," akasema bila kuinua kichwa, "niletee ile bluu iliyokolea. Iko rafu ya juu, karibu na..." Akanyamaza. "Hapana. Acha. Nitaichukua mwenyewe."

Aliinuka. Kwenye rafu ya juu mabunda mawili ya kitambaa yalilala pamoja, yamegusana, la bluu kushoto na jeusi kulia. Mkasi alisimama mbele yake. Nje fundi rangi alikuwa akibisha hodi, akitaka kujua kama wameamua, na hakuna aliyemjibu. Mkasi akaliziba jicho la kulia kwa kiganja, akayatazama mabunda. Akashusha kiganja. Kisha akanyoosha mkono, akavuta la upande wa kushoto, akalibeba hadi mezani.